Msafara wa Sanora

Ukitaka kumwona Paskalina akibadilika sura, mtajie Liberatus. Si lazima umtaje kwa ubaya. Sema tu umemwona kwenye runinga, amenawiri, suti imemkaa, halafu utulie utazame. Mama huyu, ambaye watoto wa watu wamekula ugali wa mkono wake miaka nenda rudi bila kumsikia akifoka, atainama kuokota kitu ambacho hakijaanguka, na chai uliyokuwa unaisubiri usiisubiri tena. Majirani zake wa Kihesa wanasema ana kinyongo. Wacha waseme. Wao walikuwepo siku ile, na walipiga makofi.

Alikuwa mpishi wa shule moja ya misheni nje ya mji wa Iringa. Mume alimwachia mtoto mmoja, Anord, na baiskeli isiyo na breki. Alistaafu na macho mekundu ya moshi, mgongo mbovu, na kiinua mgongo ambacho kila ndugu alikwisha kukipangia kazi yake. Kaka yake alitaka kinunue ng'ombe. Dada yake alitaka kiezeke nyumba ya marehemu mama yao. Paskalina aliwasikiliza wote, akawapikia, akawasindikiza mpaka stendi, na kesho yake akapanda basi na Anord kwenda Mbeya kununua gari.

Lilikuwa Sanora, kile kigari cha watu saba chenye mlango wa ubavuni wa kusukuma, jipya kabisa, viti bado vimevikwa nailoni. Kampuni iliyokuwa ikiyaleta magari hayo nchini ilikuwa na ukumbi wa vioo pale Mbeya, na kijana wa mauzo alimwita "mama yangu mzazi" tangu anaingia mpaka anatoka. Walirudi Iringa Paskalina amekaa kiti cha nyuma, hataki kukaa mbele asije akampotezea mwanawe umakini. Padri alikuja kulibariki. Aliyeshika bakuli la maji ya baraka alikuwa Bertha, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mke wa Gaudensi seremala. Siku hiyo Bertha alichekelea kuliko mwenye gari.

Anord aliliendesha kwa kukodishwa. Alibeba maharusi, wagonjwa, watu wa biashara wanaokwenda Mbeya na kurudi. Alikuwa dereva mwoga. Alipitwa na malori, alipitwa na pikipiki, abiria wengine walimcheka usoni, na mama yake alimpenda kwa uoga huo.

Mlio ulianza msimu wa baridi, gari likiwa bado na harufu ya upya. Anord akiwasha asubuhi, ndani ya injini kulisikika kitu kama kokoto zinazotikiswa kwenye debe. Kabla hujamaliza kuuliza ni nini, injini inapata moto na mlio unapotea, haurudi tena mpaka kesho yake alfajiri. "Baridi hiyo," mafundi wakasema. "Baridi tu," wakasema wenye magari. Sisi watu wa nyanda za juu tumezoea kuibebesha baridi kila lawama. Mahindi yakidumaa, baridi. Mume akikawia kilabuni, baridi. Gari nalo lingekosaje kupewa sababu hiyo hiyo?

Paskalina hakuridhika. Alimtuma Anord alipeleke gari kwa kampuni kule Mbeya, likiwa ndani ya muda wa dhamana. Anord akaenda. Fundi wa kampuni akalifungua boneti, akasikiliza, akasikiliza tena, akasema gari zima. Ungetegemea nini? Gari limetoka Iringa, limepita Mafinga, Makambako, limepandisha milima yote ile, injini inafuka joto. Mlio wa alfajiri ungetoka wapi saa hizo?

"Mama, wamesema nzima," Anord alimwambia akirudi.

"Wewe unasemaje?"

"Mimi bado nausikia."

"Basi endelea kuusikia," mama akasema.

Mwaka uliofuata, binti wa Bertha aitwaye Devota alijifungua kule Mbeya. Bertha alitaka kwenda kumwona mjukuu, na Paskalina ndiye aliyemwambia Anord: mpeleke na umrudishe, usimdai kitu, na umkalishe mbele aone njia. Siku ya kurudi walikuwa wanateremka Inyala, mlima ambao madereva wa malori huufanyia ishara ya msalaba, injini ikazimika. Haikutoa onyo. Kanyagio la breki likawa gumu kama limepigiwa zege, usukani ukawa mzito. Anord alisukuma gia ikae huru ili ajaribu kuwasha tena, haikuwaka. Alilipeleka gari mtaroni kusudi, ili asiligonge lori lililokuwa mbele yake. Abiria wa nyuma waliumia wakapona. Bertha alifia palepale barabarani, na kwenye mapaja alikuwa na kifurushi cha ndizi alizopewa na mkwe wake.

Askari walikuta injini imezimika na gia iko huru. Barabara ile wanaijua. Wanawajua madereva wanaozima gari juu ya mlima na kuliacha liteleze lenyewe ili kubakiza mafuta. Kwa hiyo hawakuumiza vichwa. Injini ilipofunguliwa, cheni ya taimingi, ile ambayo ikiruka injini huzimika, ilikutwa imeruka, na kile kidude kinachoikaza, kikaza cheni, kimevunjika meno. Wakasema kimevunjwa na kishindo cha ajali. Anord akanyang'anywa leseni, na mtaani akapewa jina: aliyemuua Bertha kwa kubana mafuta.

Yeye, dereva mwoga kuliko wote Iringa nzima!

Gaudensi hakumtukana mtu. Ingekuwa afadhali angetukana. Alikuja msibani kwa mkewe kama mgeni, akazika, akarudi kwenye karakana yake, na tangu siku hiyo akaacha kupitisha macho upande wa ukuta wa Paskalina. Wako jumuiya moja. Kila waliposali na kufika pale pa kupeana amani, Gaudensi alimpa mkono aliye kulia kwake, aliye kushoto kwake, hata mtoto wa mgongoni, halafu akamgeuzia Paskalina kisogo kwa upole, kama mtu anayetafuta miwani. Anord alivumilia mara chache. Kisha akafunga begi, akaenda Madibira kulima mpunga kwenye vishamba vya watu. Alimpigia mama yake kila Jumapili, na kila Jumapili aliuliza swali moja: "Mzee Gaudensi amesema chochote?"

Hicho ndicho Paskalina alichokitaka duniani. Gari hakulitaka tena, lilikaa uani limefunikwa turubai na kuku wanataga humo. Fidia hakuifikiria. Alitaka Gaudensi asikie, kwa masikio yake, kutoka kwa mtu anayeaminika, kwamba gari lile lilijizima lenyewe. Ili Anord arudi nyumbani.

Alikichukua kile kikaza cheni, akakifunga kwenye leso, akakipeleka kwa Rasik, mwenye duka la spea karibu na soko. Rasik alizaliwa Iringa, na baba yake alizaliwa Iringa, na yeye mwenyewe alikuwa na Sanora ya kumpeleka mkewe Nalini hekaluni na watoto shuleni. Alikigeuza kile kidude, akashusha pumzi. Kisha akavuta boksi kutoka chini ya kaunta, akaliinamisha Paskalina aone. Lilikuwa limejaa vikaza cheni, vyote vimevunjika mahali pamoja.

"Vya nani hivi?"

"Vya watu, mama. Mmoja anatoka Mafinga, mwingine Ilula, wengine hapa hapa mjini. Kila mmoja anakuja peke yake, anadhani ni bahati yake mbaya. Wengine gari zilizima zikiwa zimeegeshwa, wanashukuru Mungu wanaondoka." Rasik akapunguza sauti. "Hii kitu inasukumwa na oili. Asubuhi ya baridi oili nzito, inachelewa kufika, cheni inapiga piga. Hizi zilitengenezwa dhaifu. Ule mlio ndiyo dalili yenyewe."

"Na hujamwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Mimi nauza spea tu."

Paskalina ndiye aliyewatafuta. Alitembea kwa miguu, akiona Sanora imeegeshwa anamngoja mwenyewe. Walipotimia wa kutosha, wakaunda kundi la simu, na uenyekiti akapewa Saulo, mfanyabiashara wa mbao anayekaa ng'ambo ya njia na nyumba ya Paskalina, kwa sababu ana sauti kubwa na ana viti vya plastiki. Mwanzoni kundi lilifoka vizuri. Watu walituma milio ya injini zao asubuhi asubuhi, wakaahidiana kwenda mpaka kwa waziri. Kisha mama mkwe wa mmoja akafariki, ikapita michango. Kisha mwingine akaozesha. Ndani ya muda mfupi ukifungua kundi la malalamiko ya Sanora unakuta kadi za harusi na picha za marehemu, na malalamiko yamebanwa katikati kama ndugu aliyekuja bila kualikwa.

Hata hivyo Paskalina aliwasukuma, Saulo akaandika kwa kampuni, akaandika tena, na kampuni ikajibu kwamba itamtuma meneja wake wa huduma kutoka Dar es Salaam. Jina lake Liberatus. Mtu mmoja akauliza kama ni Liberatus yule wa Tosamaganga. Ndiye. Mtoto wa nyumbani! Kundi likalipuka kwa furaha. Hata Paskalina, na hili ndilo linalomuuma mpaka leo, alipiga magoti jioni ile akashukuru. Alijiambia mtoto wa nyumbani hawezi kuwadanganya mama zake.

Kwenye kikao cha maandalizi alisema neno moja tu, akalirudia mpaka wakachoka. Magari yalale kwenye uwanja wa ukumbi uliokodiwa kwa mapokezi, baridi. Asiwashe mtu. Mgeni akifika asubuhi, ndipo yawashwe mbele yake, moja baada ya jingine, asikie mwenyewe. Rasik akasema mama yuko sahihi, na kwamba atakuja na lile boksi. Wote wakakubali. Saulo akapiga meza: "Limepita!"

Jioni ya kuamkia siku hiyo, Paskalina alivaa kanga mbili, akazunguka ukuta, akabisha kwa Gaudensi. Hakuwa amekanyaga pale tangu arobaini ya Bertha. Gaudensi alitoka na randa mkononi.

"Baba Devota, kesho watawasha magari yakiwa baridi. Kuna mlio. Ule ule aliokuwa anausema Anord. Na mkubwa wa kampuni atakuwepo, mtoto wa hapa hapa. Nakuomba uje usikie."

Gaudensi akafuta vumbi la mbao kwenye randa kwa kidole.

"Nitakuja," akasema. "Nikisikia, nimesikia. Nisiposikia, Mama Anord, usinifuate tena."

Asubuhi ile baridi ilikuwa ya Julai hasa. Uwanja wa ukumbi ulijaa ukungu, na Sanora zimepangwa mstari, vioo vyeupe kwa umande. Paskalina alifika wa kwanza. Alipita akigusa boneti moja moja kwa kiganja, na kila alipokuta bati la baridi roho yake ilizidi kutulia. Wenye magari wakaja na makoti yao. Wanawake wakawasha majiko nyuma ya ukumbi. Ulanzi, pombe ya mianzi, ulikuwa umeletwa, mbuzi alikuwa amechinjwa, na mgolole mpya wa kumvika mgeni ulikuwa umekunjwa juu ya meza kuu.

Simu ya Saulo ikalia. Alisikiliza, akasimama wima kama ameitwa na bwana shauri wa zamani.

"Mgeni yuko Ipogolo! Amefika chini pale barabara kuu, anauliza njia ya kupandia!"

"Mwelekeze apande," Paskalina akasema.

"Mwelekeze?" Saulo akamtazama kama amesikia matusi. "Mama Anord, mtoto wetu ametoka Dar, apande mlima peke yake kama muuza mitumba? Watu wake tupo hapa na magari tumeyapanga kama mapambo?"

Na hapo ndipo kila kitu kilipoharibika, tena kwa adabu. Mmoja akasema kweli, tukampokee. Mwingine akasema tuweke taa na maua. Wanawake wakaacha masufuria. Paskalina aliona mikono inaingia mifukoni kutafuta funguo, akakimbia kusimama mbele ya gari la Saulo, viganja vyote viwili juu ya boneti.

"Msiwashe! Tulikubaliana! Jamani, tulikubaliana!"

"Mama, tutaonekana hatuna adabu," Saulo akasema, akiwa ameshaingia ndani. "Atasikiliza akifika. Gari haziendi popote."

Akawasha. Wote wakawasha. Na zikalia. Mungu wangu, zilivyolia! Uwanja mzima ulikuwa kama watu wanapepeta kokoto, gari kwa gari, mstari mzima, mlio ule ule uliomharibia Anord jina lake. Kama Gaudensi angekuwa amesimama pale, hata dakika moja, isingehitajika hotuba ya mtu. Lakini Gaudensi alikuwa bado njiani, anatembea kwa miguu. Aliyesikiliza ni Paskalina peke yake. Wenye magari wenyewe hawakusikia, walikuwa wanapigiana honi.

Aliliwahi gari la Rasik likigeuza. Nalini alikaa mbele, amevaa sari ya sherehe chini ya sweta.

"Hata wewe, Rasik?"

Rasik alishusha kioo. Hakuweza kumtazama usoni. "Mama, wote wanaenda. Mimi nikibaki, watasema yule Mhindi anajitenga. Unajua wanavyosema."

"Na boksi?"

"Lipo hapa, chini ya kiti cha Nalini. Tukirudi natoa."

Msafara ukashuka Ipogolo na taa zimewashwa mchana kweupe. Ukampokea Liberatus, ukampandisha mlima, ukamzungusha mjini ili watu wamwone, ukapita sokoni, ukapita stendi ya zamani. Uliporudi uwanjani ukungu ulikuwa umekatika na injini zimechemka kisawasawa. Gaudensi aliingia nyuma yao, na kofia yake ya Jumapili. Akasimama pembeni, karibu na mti wa mkrismasi, mikono nyuma, akingoja kusikia.

Liberatus alishuka, mwembamba, msafi, uso wa kupendeka. Akainua mkono, akasema, "Kamwene!"

Ukumbi na uwanja vikaitikia kwa kishindo. Vigelegele. Wazee walicheka mpaka meno ya mwisho. Wakamvika mgolole juu ya suti, na mtu mmoja akalia machozi ya kweli. Kwa salamu moja tu! Paskalina alijipenyeza mpaka mbele yake. Alikuwa ameandaa maneno makali, aliyapanga usiku kucha. Liberatus akamshika mikono yote miwili, akainama mpaka paji la uso likakaribia viganja vyake.

"Shikamoo, mama."

Sasa ungefanya nini? Mtu mzima amekuinamia mbele ya watu. "Marahaba, mwanangu," ikamtoka kabla hajaizuia, na makali yote yakaondoka nayo. Aliyobakiza ni haya: "Baba, zimepashwa moto hizi. Hutasikia kitu. Njoo kesho alfajiri."

"Tutasikiliza, mama. Ndiyo kazi yangu."

Akasikiliza. Hakuna anayeweza kusema hakusikiliza. Alipita gari kwa gari, akaomba izimwe, iwashwe, akaweka sikio juu ya boneti huku mgolole ukimning'inia begani. Na Sanora zile, mashetani yale, zikaunguruma kwa sauti laini, taratibu, kama paka aliyeshiba. Ya Saulo haikutoa hata mkwaruzo. Ya Rasik nayo kimya. Liberatus alipofika mwisho wa mstari alifungua mikono.

"Jamani, mimi nasikia injini zinaimba."

Watu wakacheka. Paskalina aligeuka kumtafuta Gaudensi. Alikuwa pale pale, shingo imeinama kidogo upande, kama seremala anayesikiliza ubao kama una ufa.

Ndani ya ukumbi Saulo alisoma risala. Ilianza kwa kumpongeza mgeni, ikampongeza mkurugenzi wake, ikaishukuru kampuni kwa kuwakumbuka watu wa kusini. Huko chini kabisa, baada ya ombi la fulana, ndiko cheni zilikopata mstari wao: "pamoja na mafanikio hayo, zipo changamoto ndogo ndogo za kiufundi hasa nyakati za baridi." Inyala haikutajwa, wala Bertha. Anord ndiyo kabisa. Kamati ilikuwa imeyatoa jana yake, kwa kuwa haipendezi kumkaribisha mgeni kwa habari za kifo. Paskalina alimtazama Rasik. Rasik alikuwa anakata nyama ya mbuzi vipande vidogo vidogo ambavyo yeye mwenyewe hali. Boksi lilibaki chini ya kiti cha Nalini.

Liberatus akasimama kujibu. Alisema vizuri, kwa utani, akichomeka Kihehe hapa na pale. Kisha akaweka sura ya huzuni.

"Niwaambie ukweli kama ndugu yenu. Gari haiui mtu. Inayoua ni tabia. Dereva yuko juu ya mlima, anazima injini ashuke bure, ili abakize mafuta ya kwenda kunywea. Breki zinakataa, roho za watu zinapotea, halafu tunasema ni cheni. Tuseme na vijana wetu, wazee wangu."

Makofi. Saulo alipiga makofi. Watu waliokuwa na mlio ule ule majumbani mwao, waliokuwa wametuma sauti zake kwenye simu asubuhi baada ya asubuhi, walipiga makofi.

Gaudensi alivaa kofia yake. Alipita katikati ya viti polepole, akimwomba radhi kila aliyemkanyaga mguu. Alipofika usawa wa Paskalina hakugeuka. Akatoka.

"Sasa," mshereheshaji akasema, "neno la shukrani kutoka kwa mama yetu, Mama Anord!"

Walikuwa wamempa kazi hiyo tangu mwanzo, ili na yeye aonekane. Paskalina alikwenda mbele, akapokea kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Shukrani sina," akasema.

Mshereheshaji akapiga hatua moja kumwelekea.

"Mwanangu hakuzima gari. Mnajua hakuzima. Nyie wote hapa mnajua, kila asubuhi mnausikia, mmeamua tu..."

"Mama ana uchungu, mnamwona, mama ana uchungu na maendeleo!" mshereheshaji akadakia, akauchukua mkono wake uliokuwa na kipaza sauti akauinua juu kama wa mshindi. "Tumpigie mama yetu makofi kilo tatu! Na muziki!"

Wakampigia kilo tatu. Muziki ukafunguliwa mpaka vioo vikatetemeka. Midomo ya Paskalina iliendelea kutamka, na hakuna aliyesikia. Liberatus mwenyewe alikuja akamkumbatia, akamvika kofia ya kampuni kichwani juu ya kilemba, na picha ikapigwa. Picha hiyo ipo mpaka leo kwenye kundi la simu, kati ya kadi mbili za harusi.

Kesho yake Paskalina aliamka kulipokuwa kunapambazuka, kwa mazoea tu. Baridi ilikuwa ile ile. Alikuwa anafunua turubai atazame mayai, simu ikalia. Haikuwa Jumapili, lakini Anord alikuwa ameshindwa kungoja.

"Shikamoo mama. Vipi jana? Yule mkubwa alisemaje?"

Aliliachia turubai. Ng'ambo ya njia, Saulo alitoka na kofia yake mpya ya kampuni, akaingia kwenye Sanora pamoja na watoto wake wa shule, akawasha. Kokoto zikaanza kutikisika ndani ya debe. Dirisha la karakana ya Gaudensi lilikuwa limefungwa kama kila alfajiri ya baridi, na ndani randa ilikuwa imeshaanza kupita juu ya mbao, nenda rudi, nenda rudi.

Paskalina alikimbia mpaka getini, akaunyoosha mkono wenye simu kuelekea barabarani, juu kadiri alivyoweza. Akaushikilia hivyo mpaka bega likamuuma. Kisha akairudisha simu sikioni.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Ndiyo wenyewe?"

"Ndiyo wenyewe."

Injini ya Saulo ilipata moto, mlio ukakatika. Alipopita getini alimpigia Paskalina honi ya salamu, na watoto wakampungia mkono.

"Na Mzee Gaudensi?" Anord akauliza. "Amesikia?"

Paskalina alilitazama lile dirisha lililofungwa. "Hapana, mwanangu."

"Basi mama," Anord akasema, "wacha nibaki huku."